Banda la Tabaka Lililokosa Watu

Mjukuu wa mdogo wangu Kwamboka yuko chuoni, anasomea kitu kinachoitwa utalii endelevu. Alipokuja likizo alinieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgonjwa jinsi ya kumeza vidonge, kwamba eneo likipangwa vizuri wageni huja, hutazama, hununua, hurudi kwao, na mahali hubaki palivyokuwa. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Hiyo ndiyo iliyomaliza viatu vyangu." Akacheka, akidhani bibi anatania.

Sitanii. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya mipango mjini Kisii, miaka ya sitini ikielekea sabini na kuendelea, wakati Nyamira ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Neno "endelevu" hatukuwa nalo. Tulikuwa na kamba, vigingi, mwavuli mmoja wa ofisi uliotoboka, na Bwana Mwandoe. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, nataka mumjue mtu huyo. Ramani zake labda zimeliwa na mchwa, lakini namna yake ya kufanya kazi ingali na faida.

Bwana Mwandoe alikuwa Mtaita, mwembamba, mwenye miguu ya mtu aliyekulia mlimani. Watu wa kwetu walizoea wakubwa wanaofika juu ya kilima wakihema na kuomba kiti. Huyu alifika kabla ya wenyeji wake, akageuka, akawangoja akitafuna muwa. Wazee walimwita Bwana Mpango. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ofisi. Niliacha shule darasa la tano, baba na mama walipokufa wakifuatana, nikabaki na wadogo zangu wanne na shamba la migomba. Nilifagia, nikachemsha chai, nikarudi nyumbani kupika. Siku moja Bwana Mwandoe alitoka ziarani Marani amekasirika, akavua kofia, akaniambia mimi, maana hakukuwa na mwingine ofisini:

"Nimezunguka siku nzima na mkalimani. Nimeongea na wanaume tu. Nikiuliza mwanamke, anajibu mumewe. Je, wanawake wa huku hawana midomo?"

"Wanayo, bwana," nikasema. "Ila hawataifungua mbele ya mwanamume wa ofisini aliyevaa tai."

"Wewe wangekuambia?"

"Wangeniambia hata nisiyouliza."

Wiki iliyofuata ufagio ulichukuliwa na mtu mwingine.

Ukalimani una maarifa yake. La kwanza alilonifundisha ni kutofupisha. Mama akiongea mpaka mate yakauke, nami nikasema kwa Kiswahili, "Amekataa," Bwana Mwandoe alinitazama tu, akisubiri. "Bi Moraa, amekataa kwa maneno marefu. Niletee marefu." Na watu wakicheka, alitaka aambiwe wamecheka nini, hata kama ni yeye anayechekwa. Huko Kebirigo kijana mmoja alisema Bwana Mpango anatembea kama korongo aliyepoteza kifaranga. Nikasita. "Sema," akaniambia. Nikasema. Akacheka kuliko wote, na tangu siku hiyo Kebirigo walimpa maziwa ya mgando kila alipopita.

Ni hukohuko tulipopata shida ya vigingi. Tulikuwa tunapima njia ya wageni kupitia mashamba ya chai, ili watu wa mjini waone chai inavyochumwa na wenye mashamba wapate cha kuuza njiani. Tulipigilia vigingi vyenye kitambaa chekundu. Tuliporudi hakukuwa na hata kimoja mahali pake. Kimoja tulikikuta kimefungwa mbuzi. Mwenye mbuzi, mama mmoja mwenye mabega mapana, hakuona haya.

"Serikali ikipigilia kigingi, shamba limeondoka," akasema. "Hilo tumeliona tangu wakati wa wazungu. Mbuzi wangu ataliokoa."

Nikatafsiri yote, pamoja na mbuzi. Bwana Mwandoe akamnyooshea nyundo. "Mwambie apigilie yeye. Pale ambapo akiwaona wageni wakipita hatakasirika."

Mama akaichukua nyundo kwa mashaka, akatembea, akarudi, akatembea tena, mwishoni akakipigilia kando ya jiko lake. "Hapa," akasema. "Wakipita hapa watasikia harufu ya ndizi za kuchemsha, watanunua." Ofisini tungekaa mwaka bila kufikiria harufu. Kigingi hicho hakikung'olewa. Majirani wakaja kuomba nyundo. Tangu hapo hatukupigilia tena kigingi kwa mkono wetu katika ardhi ya mtu.

Nawaambia pia habari ya siku. Ukitaka kuharibu mpango mzuri, uchague siku mbaya. Wageni wa kwanza wa majaribio tuliwaleta Jumamosi. Wasabato wote walikuwa kanisani, na kule tulikokwenda karibu kila mtu ni Msabato. Wageni walipiga picha milango iliyofungwa. Jumapili ni ya Wakatoliki. Ijumaa adhuhuri mchoraji wetu wa ramani, Bwana Salim, alikuwa msikitini, na maduka ya mjini yalifungwa nusu. Halafu kuna siku ya soko ya kila mahali, ambapo hata mgonjwa hupona aende. Salim alikuwa akisema, "Wilaya hii wiki ina Jumanne peke yake." Bwana Mwandoe hakulalamika. Alisema kama watu wana sababu ya kutokuwepo, kazi yetu ni kuijua kabla ya basi kuondoka Kisumu.

Na Manga. Mmewahi kusimama kwenye ukingo wa Manga asubuhi, mkaona nchi yote chini imelala katika ukungu, mpaka ziwani? Wakubwa walitaka barabara ifike ukingoni kabisa, mgeni atazame bila kushuka garini. Bwana Mwandoe alikataa. Alisema magari yakifika ukingoni, baada ya muda ukingo utakuwa chini bondeni. Akaweka mahali pa kuegesha magari chini, karibu na soko. Mgeni apande kwa miguu, achoke kidogo, anunue ndizi, aulize jina la mti. Wakasema anawatesa watalii. Akajibu, "Kitu unachokipanda kwa miguu unakikumbuka." Nilimpenda kwa neno hilo, na magoti yangu yalimlaani.

Lakini nilikusudia kuwaeleza Tabaka, maana huko ndiko nilikomjua mtu huyu kwa kweli.

Mnajua mawe ya Tabaka, yale laini yanayochongwa vinyago, vikombe na viboko. Wakati ule mabasi ya watalii yalipita Kisii yakitoka Kisumu kwenda Mara, yakasimama mjini kununua petroli tu. Wageni hao hao walinunua mawe yetu Nairobi, bei mara kadhaa ya ile aliyopata mchongaji, bila kujua yalichimbwa wapi. Bwana Mwandoe aliona kwamba kama kutakuwa na kituo kimoja tu cha wageni katika wilaya nzima, kiwe Tabaka, machimboni penyewe. Mchongaji auze kwa mkono wake. Machimbo yaliyokwisha yafukiwe, yapandwe migomba, ili kilima kisibaki na matundu kama jino bovu. Wafanyabiashara wa mjini walitaka kituo kiwe kwao, kwenye maduka. Wakubwa wa mkoa walisema watakuja kuona kwa macho. Tabaka ikishindwa, kituo kinahamia mjini, na wachongaji watabaki kuuza kwa gunia kwa wachuuzi, bei anayotaka mchuuzi.

Kwangu jambo hilo halikuwa la ofisi tu. Kwamboka, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa ameolewa huko. Alikuwa akisugua mawe kwa msasa na maji, vidole vyake vimelainika mpaka alama za ngozi zimefutika. Baba mkwe wake, Mzee Onsongo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachongaji. Mtu wa maneno machache, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku ya kanisa.

Mchoro ulikuwa mzuri. Banda moja refu la mabati, wazi pande zote. Jiwe linaingia upande huu likiwa ghafi, wanaume wanalichonga, linasogezwa kwa wanawake wanaolisugua ndani ya makarai ya maji, linapakwa nta, linatoka upande ule likiwa tembo anayeng'aa. Mgeni anatembea kando na kuona yote. Salim aliupaka rangi kwa wiki nzima, hata vivuli vya watu akaviweka. Tulifanya mikutano Tabaka, zaidi ya mmoja. Nilitafsiri kila neno. Mzee Onsongo alisikiliza, akautazama mchoro, akasema, "Ni mzuri." Wazee wengine wakasema, "Ni mzuri." Wanawake, walioketi nyuma kwenye majani, hawakusema kitu. Watu wakachanga nguvu, wakaleta nguzo, mabati yakaja, banda likasimama.

Likasimama tupu.

Siku ya kwanza wanaume walikuja, wakachonga. Wanawake hawakuonekana. Siku iliyofuata wanawake walikuja na makarai, wanaume wakawa wamepata kazi machimboni, wote, hata wale wenye mgongo mbovu. Baadaye hawakuja hawa wala wale. Kuku wakahamia. Nilikwenda kumwuliza Mzee Onsongo.

"Banda ni zuri, mwanangu," akasema, akitazama mbali nami. "Tunangoja mvua ipungue."

Ulikuwa mwezi wa jua kali. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye majani ya migomba.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaanza kusema kila alipoketi kwamba watu wa Tabaka ni wavivu na wanataka kuletewa watalii vitandani. Maneno yakafika mkoani. Siku ya wakubwa kuja ilikuwa inakaribia.

Nikaenda kwa Kwamboka. Nilimkuta kijitoni, chini ya machimbo, yeye na wake za ndugu wa mumewe, wamefunga leso juu ya kifua, mabega wazi, wamelowa, wanasugua na kuimba na kusengenyana. Kazi ile ya maji haifanywi na mtu aliyevaa vizuri.

"Kwamboka, mna nini na banda?"

Misasa ikasimama juu ya mawe. Halafu mmoja akapasuka kicheko, na wengine wakafuata. Kwamboka akajifuta uso kwa kiwiko.

"Dada, njoo hapa. Kaa. Unaniona nilivyo?"

"Umelowa."

"Nimelowa, niko mabega nje, nimetanua miguu kwenye karai. Sasa chukua karai hili, liweke hatua mbili kutoka kwa baba mkwe wangu. Mtu ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Mtu ambaye nikimsikia akikohoa njiani naingia kwenye migomba nimpishe. Nikae mbele yake hivi kutwa, na wazungu wakipiga picha?"

Hiyo ndiyo chinsoni, vijana wangu, kwa wale ambao mmezaliwa mjini: adabu ya haya kati ya wazazi na watoto na wakwe, nani asimwone nani, wapi, na vipi. Mtu asiye nayo kwetu huhesabiwa pamoja na ng'ombe.

"Mbona mzee hakusema?" nikauliza. "Mikutano yote ile!"

Hapo ndipo walicheka mpaka msasa ukawaponyoka.

"Aseme nini? Asimame mbele ya watu atamke miguu ya wake za wanawe?" Kwamboka alikuwa analia kwa kicheko. "Na amwambie nani? Wewe! Wewe uliyenilea, uliyenioza kwa mume. Wewe kwake ni kama mama yangu. Angeweza kumwambia polisi kabla ya kukuambia wewe!"

Nilikaa pale kwenye jiwe. Mimi sikuwa na baba wa kuogopa kizingiti chake, wala sikuwa nimeolewa nipate mkwe wa kumkimbia. Chinsoni ilikuwa imepita juu ya kichwa changu kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Na bila kujua nilikuwa nimewekwa ndani yake na watu wengine, nikawa mlango ambao neno la mzee haliwezi kupita.

Nilimwambia Bwana Mwandoe ofisini, Salim akiwepo. Nilidhani atakasirika, kwa ajili ya zile nguzo na yale mabati. Alijipiga paji la uso kwa kiganja.

"Kwetu Taita pia kuna mambo ya wakwe," akasema. "Nimeyajua tangu utoto. Na sikuuliza. Niliuliza nani atapita hapo. Sikuuliza nani hawezi kupita."

Tangu siku ile, mpaka nilipostaafu, swali hilo lilikuwa la kwanza kila tulipofungua kamba. Liandikeni kwenye viganja.

"Tuwaambie wakubwa basi," Salim akasema. "Jambo limeeleweka. Waambiwe sababu, wasikasirike."

"Tuseme kwenye mkutano, mzee ameketi pale, na wakwe zake wanasikia?" Bwana Mwandoe akatikisa kichwa. "Alijinyima maneno asiwaaibishe. Mimi niyaseme kwa niaba yake, kwa sauti kubwa, ili nisionekane mjinga? Hapana. Salim, leta karatasi."

"Lile banda nililipaka rangi wiki nzima!"

"Na ni zuri sana. Leta karatasi."

Lakini hakuchora. Tulikwenda Tabaka, tukakaa juu ya kilima tangu asubuhi mpaka jua linainama, tukitazama tu. Wanaume walichonga juu, chini ya miti, karibu na machimbo. Wanawake walisugua chini kijitoni. Katikati kulikuwa na migomba minene. Mawe yalishushwa na mabibi wazee, wale ambao umri umeshawaondolea vizuizi vingi, wanapita popote na kutukana yeyote. Kila kitu tulichotaka kujenga kilikuwepo tayari. Kilichokosekana kilikuwa njia ya mgeni tu.

Akampelekea Mzee Onsongo rundo la vigingi na nyundo. Akaniambia, "Mwambie aviweke anapotaka wageni wapite, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye maji. Usimwulize kwa nini. Na sisi tuondoke, asituone tunamtazama."

Nikatafsiri. Mzee alipokea nyundo bila neno. Tuliporudi baada ya siku chache, vigingi vilikuwa vimepinda na kilima kama nyoka. Njia ya wageni ilianza juu kwa wachongaji, ikazunguka migomba, ikashuka kijitoni kwa upande wa pili. Barabara ya magari ya kurudi mjini Kisii nayo ilikuwa na matawi mawili: la chini lililopita karibu na kijito, na la juu lililozunguka mlima. Mzee aliliacha la chini bila kigingi hata kimoja. Bwana Mwandoe aliifuata ile njia yote kwa miguu, akasema tu, "Huyu angekuwa mwalimu wangu."

Siku ya wakubwa ikafika. Walikuja na magari, vumbi likawatangulia. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mnene kutoka upande wa Bungoma, mwenye kofia nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea viwanja vya mpira. Walishukia bandani, na kuku walitoka kuwapokea. Wazee wetu walikuwa wamesimama upande mmoja, na nyuma yao, mbali kidogo, wanawake, wamevaa vizuri siku hiyo. Mfanyabiashara wa mjini naye alikuwepo, sijui nani alimwalika, mikono nyuma.

Kiongozi akalitazama banda kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hili limejengwa kwa jasho la wananchi," akasema. "Kwa nini ni tupu? Wazee wangu, hamtaki kazi? Kama hamtaki semeni, kituo kiende mjini leo hii. Wewe dada, watafsirie."

Nilifungua mdomo. Nikaona macho ya Mzee Onsongo yakishuka kwenye vidole vya miguu yake. Ilimbidi ajibu, na jibu lilikuwa limesimama nyuma yake limevaa vitambaa vya kichwa.

"Bi Moraa, usitafsiri hilo," Bwana Mwandoe akasema. Akasogea mbele. "Jibu ni langu, bwana. Banda nililichora vibaya. Watu hawana kosa."

"Vibaya namna gani?"

"Vibaya, bwana."

"Bati limevuja?"

"Halivuji."

"Nguzo zimeoza?"

"Ni nzima."

"Sasa ni vibaya namna gani, Bwana Mwandoe? Wewe ni msomi. Hilo ndilo jibu la msomi?"

Baadhi yao wakacheka. Mfanyabiashara alicheka zaidi. Shingo ya Bwana Mwandoe ilikuwa na jasho, lakini sauti yake haikupanda.

"Ndilo nililo nalo mahali hapa, bwana. Naomba tutembee. Nikuonyeshe kazi inapofanyika. Ukimaliza kutembea, uamue lolote."

Nimewaona watu wenye ujasiri wa kupiga kelele. Sijaona wengi wenye ujasiri wa kuonekana wajinga kwa sababu ya heshima ya mtu mwingine. Aliyekuwa anaokolewa hakuombwa hata kushukuru.

Kiongozi alipumua kwa nguvu, akakubali kutembea. Wanawake walikuwa wameshatoweka. Wazee nao wakatawanyika kwenda juu. Tulipofika chini ya miti, mapanga na visu vilikuwa vinalia juu ya mawe, vipande vikiruka, na tembo wa rangi ya waridi akitoka kwenye jiwe mgongo kwanza. Mgeni yule mnene akasahau ukali. Akachuchumaa, akashika, akauliza majina ya rangi za mawe, akaonyeshwa jinsi machimbo ya zamani yalivyofukiwa na migomba ikaota. Bibi mmoja mzee akapita na karai la vinyago kichwani, akamwambia apishe njia, hakujali kofia. Tukamfuata, tukazunguka migomba. Huko chini sauti za wanawake zikaanza kusikika, na maji, na wimbo.

Tulikuwa karibu kufika kwenye kona ya mwisho Kiongozi aliposimama.

"Wanaofanya kazi hapo chini ni akina nani?" akaniuliza.

"Ni wake za wana wa wazee uliowaona juu, bwana."

Akatazama nyuma, kule vinakolia visu. Akatazama migomba katikati. Akaitazama njia iliyopinda bila sababu inayoonekana. Halafu akavua kofia yake, na alipomgeukia Bwana Mwandoe sauti ya uwanjani haikuwepo.

"Nina wakwe sita," akasema.

"Ndiyo, bwana," Bwana Mwandoe akajibu.

Akawatuma akina mama wawili waliokuwa kwenye msafara wake waende kijitoni kwanza wabishe hodi, ndipo tukashuka, baada ya kusikia leso zinapangwa na vicheko vinatulia. Alinunua kiboko cha jiwe, kikubwa kiasi kwamba dereva alikibeba kama mtoto mgonjwa.

Tuliporudi magarini alitoa hukumu mbele ya wote. Banda livunjwe, mabati yaezeke shule. Njia ibaki ilivyowekwa. Kituo kibaki Tabaka. Mfanyabiashara akataka kusema neno, akaambiwa gari linaondoka. Kisha Kiongozi akamwambia Bwana Mwandoe kwamba barua ya kumkemea kwa kupoteza mali ya wananchi ataipata, maana utaratibu ni utaratibu. Bwana Mwandoe akasema ataipokea. Aliipokea kweli, na cheo alichokuwa anangojea kikaenda kwa mwingine. Sikumsikia akikitaja.

Wakubwa wakaondoka. Tulibaki sisi na Landrover yetu kuukuu. Salim alikuwa ameshaketi nyuma na karatasi zake, Bwana Mwandoe akashika usukani, dereva wetu akiwa mgonjwa wa malaria. Mzee Onsongo akaja mpaka dirishani, vumbi jeupe kwenye nyusi. Nikajiandaa kutafsiri. Hakunitazama. Alimtazama Bwana Mwandoe, akatumia Kiswahili chake mwenyewe, kile kidogo cha sokoni, neno moja moja.

"Bwana Mpango. Wewe nakwenda, pita juu. Usipite chini." Akashika ukingo wa dirisha. "Chini iko bibi ya watoto yangu. Naosha mawe."

Miezi yote ile, mikutano yote ile, na neno ambalo mimi sikuweza kulileta, sasa alilileta mwenyewe kwa miguu yake mpaka kwenye dirisha la gari.

"Nitapita juu, mzee," Bwana Mwandoe akasema.

Ile ya chini ilikuwa kavu, fupi, na ingetufikisha Kisii kabla ya giza. Ile ya juu ilikuwa na chemchemi inayovuja katikati ya barabara. Tulikwama hapo, magurudumu mpaka nusu. Salim akavua viatu, akavishika juu kama mtoto, akiuliza ni mpango gani huu. Bwana Mwandoe alikuwa nyuma ya gari, tope mpaka magotini, anasukuma, anacheka, nami nimeachiwa usukani, ananiambia nikanyage mafuta, mimi ambaye sikuwahi kuendesha hata baiskeli.